Mfokaji ana somo kwa walimu wa lugha

Wapo wapenzi wa Kiswahili humu nchini ambao wakisikia muziki wa kufoka hukunja nyuso kama waliolambishwa shubiri. Kwao, kijana anayefoka kwa Sheng ni mvunjaji wa lugha, na yeyote anayependekeza aingizwe darasani anakaribisha fisi zizini. Nimeketi nao katika makongamano mengi, na mapenzi yao kwa lugha siyatilii shaka hata kidogo. Ninachokitilia shaka ni hukumu yao. Waama, mtu aweza kuipenda lugha kwa dhati na papo hapo akawa kikwazo kwa wanaojifunza lugha iyo hiyo.

Nisije nikatuhumiwa kwamba nawatetea vijana wa Dandora au Kayole kwa sababu ya ujirani, leo nitaanzia mbali. Nitamchukua mfokaji mmoja wa London, jiji la lugha ambayo mpaka leo tunaitumia kuwapimia watoto wetu akili. Tukishaitazama kazi yake katika elimu, tutarejea nyumbani tujiulize imetufunza nini.

Jukwaani huitwa Akala. Jina lake ni Kingslee James Daley, aliyezaliwa 1983 na mama mwenye asili ya Uskoti na baba mwenye asili ya Jamaika, akalelewa Kentish Town, kaskazini mwa London, katika familia isiyokuwa na mali. Dada yake, Ms. Dynamite, alitwaa tuzo kuu ya muziki ya Mercury mwaka 2002. Yeye mwenyewe alishinda tuzo ya MOBO ya msanii bora wa hip-hop mwaka 2006. Kama habari zake zingeishia hapo, nisingekuwa na sababu ya kumleta katika ukurasa huu. Wafokaji wenye tuzo ni wengi.

Katika kitabu chake *Natives*, kilichochapishwa 2018, Akala anasimulia jambo lililomfika akiwa shule ya msingi. Walimu walimtoa miongoni mwa wenzake wakamweka katika kundi la watoto waliohitaji msaada maalumu, kundi la wale ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya kwanza. Msomaji, litafakari jambo hilo. Mtoto huyu alizaliwa Uingereza, na Kiingereza ndiyo lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Hakuwa na lugha nyingine ambayo kwayo angehesabiwa mgeni. Walimu waliitazama rangi yake na mtaa wake, wakaamua kwamba lugha hana.

Hakuwa wa kwanza kupatwa na hayo. Mwaka 1971, mwalimu mmoja kutoka Grenada aliyekuwa akifundisha London, Bernard Coard, alichapisha kijitabu kilichowatikisa wazazi wenye asili ya Karibi nchini Uingereza. Alionyesha jinsi watoto wao walivyokuwa wakipelekwa kwa wingi kupita kiasi katika shule za watoto waliodaiwa kuwa na upungufu wa akili. Kiini cha tatizo, alieleza, kilikuwa mitihani na walimu waliopima utamaduni, tabaka na lahaja ya mtoto wakadhani wanapima akili yake. Mtoto aliyezoea Krioli ya Jamaika nyumbani alipojibu swali kwa namna ya kwao, jibu lilihesabiwa kosa, na kosa likahesabiwa ujinga.

Wazazi hawakukaa wakalia. Walianzisha shule za Jumamosi, katika kumbi za makanisa na vyumba vya nyumba zao, ambako watoto walifunzwa hesabu, kusoma, kuandika na historia ya watu wao. Mama yake Akala, ingawa ni mzungu, alimpeleka mwanawe katika shule ya namna hiyo. Akala hachoki kusema kwamba shule hiyo ndiyo iliyomwokoa. Kwa hivyo tusidanganyike tukadhani kwamba hip-hop peke yake ndiyo iliyomfanya mtu huyu. Kabla ya maikrofoni palikuwa na jamii iliyokataa kumkubali mtoto wake kama alivyokuwa ameandikwa katika daftari la shule.

Mwaka 2009 Akala aliunda kampuni ya sanaa iitwayo The Hip-hop Shakespeare Company. Kazi yake ni warsha na maonyesho ambamo vijana huletwa pamoja na tungo za Shakespeare na tungo za wafokaji, wakazichambua kwa mizani moja, kisha wakatunga na kutumbuiza za kwao. Wazo lenyewe lilianza kama mzaha wa kishujaa. Mwaka 2006 alikuwa ametoa wimbo uitwao *Shakespeare*, akijilinganisha na malenga huyo. Baadaye, katika wimbo mwingine, alizisuka ndani ya mishororo yake anwani 27 za tamthilia za Shakespeare. Watu walicheka, wakashangaa, kisha baadhi ya walimu wakaanza kuuliza: je, mtu huyu anaweza kuja shuleni kwetu?

Mwaka 2011, katika mhadhara alioutoa Aldeburgh, mji mdogo wa pwani mashariki mwa Uingereza, Akala aliwafanyia wasikilizaji wake jaribio. Aliwasomea semi fupi moja baada ya nyingine, akawataka waseme ni ya Shakespeare au ni ya mfokaji. Walikuwa watu waliosoma, wengi wao bila shaka walikuwa wameyasoma maandishi ya Shakespeare tangu utotoni. Walikosea mara nyingi. Walimpa Shakespeare maneno ya vijana wa Marekani, na maneno ya Shakespeare wakawapa wafokaji.

Mwanaisimu hana budi kuwa mwangalifu hapa. Jaribio hilo halithibitishi kwamba kila mfokaji ni Shakespeare. Ukichagua semi kwa hila, waweza kumchanganya mtu yeyote. Linachothibitisha ni jambo jembamba zaidi, na kwangu mimi zito zaidi: kwamba tunapodai tumetambua ubora wa lugha, mara nyingi tumetambua jina la mwenye lugha. Ondoa jina, na masikio yetu yanabaki yatima.

Katika mhadhara huo huo alifanya jambo la pili ambalo lilinivutia zaidi. Aliichukua soneti ya 18 ya Shakespeare akaighani juu ya midundo ya hip-hop, na mishororo ikakaa juu ya ngoma bila kupwaya. Sababu yake haina uchawi. Mshororo wa Shakespeare kwa kawaida una silabi 10, zilizopangwa jozi 5, silabi isiyo na mkazo ikifuatwa na yenye mkazo. Mfokaji naye hufanya kazi ndani ya kipimo cha mapigo manne yanayojirudia, na ufundi wake wote umo katika kuamua silabi ipi itue juu ya pigo na ipi ipite katikati. Wote wawili wanahesabu, na wote wawili hujua lini kuivunja hesabu ili msikilizaji ashtuke. Tofauti ni kwamba mmoja tunamfundisha kwa ubao na chaki, na mwingine kijana anamfahamu kwa shingo na unyayo kabla hajaingia darasani.

Tukumbuke pia kwamba Shakespeare hakuandikia mitihani. Katika jumba la Globe, lililofunguliwa London mwaka 1599, watu maskini walilipa peni moja wakasimama uwanjani kumsikiliza. Hip-hop nayo ilizaliwa katika shughuli ya watu wa kawaida, karamu ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo moja la Bronx, New York, ambako kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye DJ Kool Herc alikuwa akicheza sahani za santuri. Sanaa zote mbili zilianza mdomoni na sikioni. Moja ikaingizwa katika maktaba ikafungiwa kabatini, nyingine ingali inapigwa vita na watu wale wale walioifungia ya kwanza.

Sasa, kwa nini mbinu ya Akala ifanye kazi mahali ambapo mwalimu mwenye shahada ameshindwa? Jibu lipo katika isimu, na limekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1960 mwanaisimu William Labov alifanya utafiti miongoni mwa watoto weusi wa Harlem, New York, wakati ambapo wanasaikolojia wengi walidai kwamba watoto hao hukulia katika ufukara wa lugha. Mtoto mmoja wa miaka 8, alipohojiwa rasmi, alijibu kwa neno moja moja au akanyamaza kabisa. Mhojaji alipomrudia alibadilisha mandhari. Alikuja na pakiti ya vibanzi, akamleta rafiki mpenzi wa mtoto yule, akaketi nao sakafuni, akawa mtu miongoni mwa watu. Mtoto aliyekuwa bubu akageuka chiriku. Wawili hao walikuwa wakigombea nafasi ya kusema.

Labov alichapisha hoja yake mwaka 1969: kimya cha kwanza hakikuwa kipimo cha lugha ya mtoto, kilikuwa kipimo cha woga aliotiwa na mazingira. Mwalimu anayekutana na kimya cha namna hiyo akaandika "hana lugha" amejipima mwenyewe. Mfokaji anapoingia darasani na kupiga meza mdundo ambao watoto wanautambua, anafanya kile kile kilichofanywa na yule mhojaji aliyeketi sakafuni. Humwondolea mtoto woga, na lugha iliyokuwapo siku zote ikajitokeza.

Turudi nyumbani, kwani mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi tunayo historia yetu ya kuwanyamazisha watoto. Ngugi wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 kuhusu kibao walichovishwa shingoni wanafunzi wa enzi ya ukoloni walionaswa wakisema lugha ya mama. Kibao kile kimebadilisha sura tu. Siku hizi mtoto wa Mathare au wa Kariobangi akiandika insha iliyoingiwa na Sheng, wino mwekundu humwagika kurasa mbili nzima, na mwishoni huandikwa kwamba lugha yake ni mbovu. Mwalimu mmoja mwanagenzi, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, aliniletea daftari la aina hiyo akiniuliza aanzie wapi. Nilimwonyesha neno moja ambalo lilikuwa limekatwa: "hatujasota".

Hebu tulichanganue. Katika Sheng, kusota ni kuishiwa na fedha. Mtoto aliyeandika "hatujasota" ameambatisha kikanushi cha nafsi ya kwanza wingi, akaweka kiambishi *-ja-* cha hali ambayo bado haijatimia, akaleta mzizi na irabu tamati, kila kipashio mahali pake. Huo ni mfumo wa sarufi ambao wanafunzi wangu wageni huusotea, kwa maana ile ya Kiswahili sanifu, mwaka mzima. Mtoto huyu anaujua. Kilichomkosesha ni msamiati na muktadha, mambo mawili yanayofundishika kwa urahisi. Mwalimu aliyeandika "lugha mbovu" ameubomoa msingi uliokuwa imara kwa sababu hakupendezwa na rangi ya mlango.

Hali ni hiyo hiyo katika ushairi. Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, alituachia hazina. Lakini tumeifanya hazina hiyo kuwa orodha ya kukariri: vina, mizani, mishororo, vituo, bahari. Mwanafunzi huhesabu mizani 8 za ukwapi na 8 za utao kwa ncha ya kalamu, akapata alama zake, akafunga kitabu asikifungue tena. Katika darasa langu la fonolojia huwataka wanafunzi waweke kalamu chini, wapige makofi kwa kila silabi. Wale waliokuwa wakikosea hesabu kwenye karatasi aghalabu hupatia kwa viganja. Sidai kwamba huo ni utafiti. Lakini mtu akiliona jambo hilo mwaka baada ya mwaka, hana budi kujiuliza kwa nini tulilitenga sikio na somo ambalo asili yake ni sikio.

Isitoshe, jadi yetu haikuwa hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na 1840, alirushiana mashairi na malenga wa Lamu mbele ya umma uliojua nani kapiga na nani kapigwa. Malumbano hayo yana udugu wa karibu na mapambano ya wafokaji, na mzee yeyote wa Mwambao aliyeshuhudia kujibizana atakubaliana nami. Huko Tanzania, Mathias Mnyampala aliziendeleza ngonjera, na shule baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikazitumia kuwaelimisha watoto kwa majibizano ya kishairi. Yaani wazo la kumtia malenga darasani afunze kwa mdomo halikutoka London. Lilikuwa letu tukaliweka darini.

Wala wasanii hawatukosi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilitoa *Tafsiri Hii*, wimbo ambao hata jina lake ni changamoto kwa sisi wanaisimu. Walifoka kwa Kiswahili na Sheng wakati redio zetu zilipendelea Kiingereza cha Marekani. Kutoka kwao na kwa wenzao wa Mombasa likazuka kundi pana la Ukoo Flani Mau Mau, lililowalea vijana kama Juliani. Ni wangapi kati ya wasanii hao waliowahi kualikwa katika chuo cha ualimu kuzungumza juu ya vina? Tunawaita siku ya kutoa zawadi, wawachangamshe wageni, wale wali, waende zao. Huko ni kumtumia msanii kama maua ya mezani.

Najua pingamizi. Kuna wanaosema kwamba nyimbo za kufoka zimejaa matusi, dharau kwa wanawake na sifa kwa wahalifu. Nyingi ziko hivyo, na sitazitetea. Lakini *Othello*, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa heshima zote, ina mume anayemuua mkewe kwa kumnyonga kitandani. Hatukuifukuza shuleni. Tuliiwekea mwalimu wa kuuliza maswali. Uovu uliomo katika utungo huhitaji mchambuzi, na darasa ndilo mahali pa uchambuzi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mzazi maskini husema: mtoto wangu atafanyiwa mtihani wa Kiswahili sanifu, si wa Sheng, na mkimchezesha ngoma atafeli. Mzazi huyu ana haki, na mtu yeyote anayempuuza anamsaliti mtoto. Ndiyo maana mfano wa Akala una thamani. Hakuwaambia vijana wa London kwamba lugha ya mtaa inatosha na Shakespeare wamwache. Alishika mkono wao akiwa upande wa mtaa akawavusha hadi kwa Shakespeare, wakajua kwamba ni wao pia wana haki naye. Riwaya yake ya vijana ya 2021, *The Dark Lady*, inamweka kijana mweusi fukara mwenye kipawa cha lugha katikati ya London ya enzi za Shakespeare. Huyo ndiye mwanafunzi wake: yumo ndani ya hadithi, hakusimama mlangoni akichungulia.

Mtaala wetu wa umilisi umeitenga Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Mlango basi uko wazi, bali mlango wazi haumwingizi mtu. Ningependekeza mambo manne. Kwanza, msanii aalikwe kwa muhula mzima, si kwa saa moja, na alipwe kama fundi yeyote anayelipwa. Pili, mwalimu wa Kiswahili abaki darasani naye, kwa kuwa msanii ana sikio na mwalimu ana istilahi, na mmoja bila mwenzake ni mkono mmoja usiochinja ng'ombe. Tatu, kila kazi iishie katika maandishi sanifu: mwanafunzi akishafoka beti zake, azigeuze ziwe tarbia ya mizani 16 kwa mshororo, aeleze alichobadilisha na kwa nini. Nne, vyuo vya ualimu vimfunze mwalimu kutofautisha kosa la sarufi na tofauti ya rejista, ili wino mwekundu umwagike panapostahili.

Mambo hayo hayahitaji mabilioni. Yanahitaji mwalimu akubali kwamba mtoto anayeingia darasani kwake si debe tupu.

Mwaka 2018 vyuo vikuu viwili vya Uingereza, Oxford Brookes na Brighton, vilimtunuku Akala shahada za heshima za udaktari. Nilipozisoma habari hizo niliwafikiria wale waliowekwa pamoja naye katika kundi lile la msaada maalumu, ambao hakuna aliyekwenda shuleni kuwatetea, wala shule ya Jumamosi hawakuipata. Hao hawakutunukiwa chochote. Tunao wenzao katika madarasa yetu asubuhi hii, wameketi viti vya nyuma, wamenyamaza, na vidole vyao vinapiga mdundo juu ya dawati. Mwalimu, kabla hujawaambia waache kelele, hebu hesabu mizani.